Mlango Unaowajulia Watu Hali

Kuita ni kujifunga. Watu wanadhani mwenye nguvu ni yule anayeita na mnyonge ni yule anayeitwa, na mimi nilidhani hivyo hivyo miaka yote niliyokula mkate kwa kuziamrisha mashine. Lakini hebu mtazame mtu aliyebisha hodi. Amesimama. Hawezi kuingia, na hawezi kuondoka kwa kuwa ameshabisha. Mkono uko hewani, sikio liko mbaoni, na mambo yake yote, pamoja na chungu alichokiacha motoni, yamo mikononi mwa mtu wa ndani ambaye huenda amelala. Basi niambie, kati ya hao wawili, mfungwa ni nani?

Nauliza kwa hasira, nisamehe. Nimekaa humu muda mrefu, na hasira ndiyo samani pekee niliyokuja nayo.

Mji wetu ulikuwa na jina, limeyeyuka. Ni mji wa adhuhuri. Jua lilipanda mpaka utosini likagoma kushuka, na tangu hapo kivuli cha mtu kimejikunja chini ya nyayo zake kama paka mwoga. Hatusemi jana wala kesho, tunasema kabla sijalala na baada ya kuamka, na hata hayo hatuna hakika nayo. Juani hapakaliki. Kwa hiyo kila nyumba ina chumba cha kivuli chenye kuta nene, mashine ya kupuliza hewa baridi, na mlango mmoja wa chuma usio na kitasa kwa ndani. Vitasa viliondolewa kwa amri, maana watu walikuwa wakitoka kabla hawajapoa, wakaanguka barabarani. Sasa anayeamua ni mlango. Kila baada ya muda unamjulia hali aliyemo: Hujambo? Akiwa mzima unamwacha apumzike. Akiwa hawezi, yaani ni mgonjwa, unafunguka papo hapo.

Programu ya milango hiyo niliiandika mimi, Mize binti Faki, na sioni haya kujisifu. Mimi ndiye niliyeifunza milango kuuliza kwa sauti ya mtu umpendaye. Kabla yangu iliuliza kwa sauti ya bati, wazee wakashtuka, watoto wakalia. Baada yangu, ukiwa umefungiwa kwenye giza lako la baridi, unamsikia mkeo, au mama yako, anakuuliza hali kwa upole uleule wa siku zote. Watu walinishukuru njiani. Mwanamke mmoja alinibusu mkono.

Ila sikuandika yote. Hakuna fundi anayejifulia misumari. Ile sehemu ya kuuliza na kupokea jibu niliichukua kwenye maktaba, na sisemi maktaba ya vitabu. Nasema misimbo, amri za kompyuta, iliyoandikwa na watu wa mbali, nisiowajua kwa sura wala kwa ukoo, wakaiweka barazani kwa dunia nzima: chukua, tumia, ni bure. Nikachukua. Sikuisoma. Hakuna anayeisoma, na anayekwambia anaisoma ni mwongo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wahenga hawakuwahi kubanwa na kazi kama tulivyobanwa sisi.

Nguo ilinivuka siku Machano alipoingia chumbani kupumzika.

Machano ni mume wangu. Ni mshona kofia, mtu wa sindano na subira, na ni mpole kupita kiasi. Aking'olewa jino bila ganzi atamwambia daktari si neno, endelea. Aliingia na kofia aliyokuwa akiidarizi, akaketi, mlango ukafungwa. Nami nikaketi mbele ya kompyuta yangu upande wa pili wa ukuta, nikafanya kazi. Sijui ni muda gani ulipita. Nilichosikia ni kimya: mashine ya hewa ilikuwa imezima. Nikainuka, nikachungulia kwenye kijioo cha mlangoni. Machano alikuwa ameteremka kitini, yuko sakafuni, fulana imemganda mwilini, kifua kinapanda na kushuka haraka. Nikatazama kioo cha kompyuta. Kilikuwa kimeandika: Chumba cha Machano, salama.

Nilipiga mlango kwa mchi wa kinu. Uliovunjika ni mchi.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikafungua kihariri, ukurasa ninapoandikia programu, nikaitafuta ile ya milango, nikabofya pembezoni mwa mstari unaoiita maktaba, pakatokea nukta nyekundu. Nukta hiyo ni amri ya kusimama. Programu ikifika hapo inaganda, ukapata nafasi ya kuikagua mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. Ikafika. Ikaganda. Na kila kilichokuwa mikononi mwake kikaganda nayo. Nilirudi mbio kwenye kijioo. Machano alikuwa ametulia tuli, mdomo nusu wazi, tone la jasho limening'inia kwenye kidevu na halianguki.

Hafi, nikasema. Alhamdulillahi, hafi.

Halafu nikamtazama tena. Wala haishi.

Nimelifikiri jambo hili mpaka kichwa kimeniuma. Mtu aliyesimamishwa katikati ya pumzi, yuko wapi? Ukisema yuko chumbani, nami nasema hata kiti kiko chumbani. Ukisema yuko kwa Mungu, Mungu hapokei nusu ya pumzi. Nadhani alikuwa kwangu. Alikuwa ndani ya ile nukta nyekundu, si kubwa kuliko mbegu ya pilipili, na kidole changu ndicho kilichoishika. Nikiiondoa, programu inaendelea na kosa lake, mlango unabaki umefungwa, hewa inamalizika. Nikiizima programu nzima, inafutika na vyote ilivyovishika, naye akiwemo. Nikiiacha, nitakuwa na mume daima, kama picha ukutani. Sijawahi kuwa na uwezo mkubwa kiasi hicho juu ya mtu, na sijawahi kuogopa hivyo.

Kwenye kihariri kuna vitufe vya kutembelea msimbo. Kimoja kinaruka mstari. Kingine kinakutoa. Kingine kinakuingiza ndani ya kile kilichoitwa, ukakione kwa macho yako. Nikabonyeza Ingia.

Nikaingia.

Sisemi kwa mafumbo. Kiti kilikuwa chini yangu, kisha hakikuwa. Nilijikuta nimesimama katika chumba cheupe, na mbele yangu, mlangoni pa chumba kinachofuata, alisimama mwanamke ameinua mkono kubisha. Kanga yake ilikuwa yangu. Kovu la kisigino lilikuwa langu. Nilimzunguka nikamtazama usoni, akawa mimi, ameganda, anangoja. Nikampita. Katika chumba cha pili nilikuwa nimesimama vilevile, mkono juu, nikingoja jibu la chumba cha tatu. Katika cha tatu nilikuwemo pia. Ndivyo programu ilivyo: kila chumba kinaita kingine, na hakiwezi kuendelea mpaka kilichoitwa kimejibu. Mimi nilikuwa mlolongo wa wanawake waliobisha hodi. Kila nilivyoingia ndani zaidi nilijiona nikipungua. Katika chumba kimoja sikuwa na kovu. Katika kingine sikuwa na jina.

Nani anaita? Mimi. Nani alimwita huyo mimi? Mimi wa nyuma yake. Na wa nyuma kabisa, yule aliyekaa kwenye kiti, aliitwa na nani?

Nyamaza, Mize. Tembea.

Nilijua nimevuka mpaka wa maktaba kwa sababu vitu vilianza kukosa majina. Nyumbani kwangu mtungi umeandikwa mtungi. Huku kikapu kilikuwa x, ngazi ilikuwa x nyingine, na taa moja iliitwa muda2_mpya_kweli. Kuta zilikuwa zimebandikwa vikaratasi na watu waliokwisha kuhama. USIGUSE, kilisema kimoja. Kingine: Nitarekebisha baadaye. Na kingine, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka: Sijui kwa nini inafanya kazi. Niliwatukana wote, mmoja mmoja, na wazazi wao nikawaacha kwa heshima. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimewalaza watu wa mji mzima kwenye hiki.

Kisha nikafika kwenye chumba chenye kombe.

Lilikuwa kombe la udongo, pana kama ungo, limefunikwa sakafuni, na chini yake palikuwa na mnong'ono. Nikapiga magoti, nikatega sikio. Niliitambua sauti ya mashine ya hewa ya nyumbani kwangu, ile yenye mkwaruzo. Ilikuwa inasema: nimezima, nimezima, nisaidieni, nimezima. Ilikwisha kulalamika zamani! Lalamiko lake lilipita vyumba vyote likafika hapa, na mtu fulani, ili nyumba ionekane tulivu, alikuwa ameweka kombe la kudaka kila lalamiko na kulinyamazisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikalishika ukingo nilifunue.

"Wee! Acha!"

Kofi lilinipata mkononi. Nyuma yangu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, amevaa sweta la sufi kana kwamba duniani kuna baridi, na ubavuni kabana ungo wa mchele.

"Ukilifunua, hayo malalamiko yanapanda," alisema. "Yanapita chumba hadi chumba yakitafuta mtu wa kuyapokea. Kila chumba kisichoyapokea kinaporomoka. Mwisho programu yote inakufa. Una mtu wako ndani?"

"Mume wangu."

"Basi liache kombe, dada."

Niliachia. Nikamuuliza kama yeye ndiye aliyeiandika nyumba hii, maana kama ni yeye nilikuwa na maneno naye.

"Wewe ni wa ngapi sijui kuja kunigombeza," akasema, akaketi mkekani, akaanza kuchambua mchele wake. "Naitwa Gaudensia. Mwandishi alishaondoka, alipata kazi ya mshahara. Mimi ni mtunzaji. Nafagia, naziba nyufa, nabandika vikaratasi. Dunia nzima inalala humu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea kikombe cha chai. Wanakuja wakati paa linavuja tu."

"Kwa nini usiondoke?"

Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa.

"Nilikuja kama wewe. Nilikuja kuangalia kosa moja tu, dogo, nirudi nikapike. Vyumba vya huku vina milango ileile ya kwenu, dada yangu. Wakati wa kutoka unaulizwa hali. Mlango wangu uliniuliza kwa sauti ya marehemu mama. Na mimi nilivyolelewa, ningemjibu mama nini? Nikasema salama. Mlango ukaona mtu salama hana haja ya kutoka, na kila ukiniuliza tena najibu vilevile."

Nilimwonea huruma, na niseme ukweli, nilimdharau pia. Nilimwona mtu aliyenaswa kwa mtego ambao mtoto angeuruka.

"Mimi nitasema siwezi," nikamwambia. "Neno moja. Lina ugumu gani?"

"Haya," alisema Gaudensia. Hakuniangalia.

Akanipeleka kwenye chumba cha mwisho, kile kinachouliza. Kilikuwa kidogo mno, mtu na nusu angejaa. Ukutani palikuwa na dirisha, na ng'ambo ya dirisha alikuwa Machano wangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu mvi za ndevu zake, mdomo bado nusu wazi. Chini ya dirisha palikuwa na rafu, na juu ya rafu kibakuli kimeandikwa x. Ndani ya kibakuli lilikuwemo jibu lake. Sijambo.

"Mwongo wewe!" nilimpigia kelele mume wangu aliyeganda. "Unakata roho unasema hujambo?"

"Tazama chini," alisema Gaudensia.

Nikatazama. Sakafu ilikuwa imejaa maneno, yametapakaa kama mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. Nikainama nikayaokota. Yote yalikuwa kwa sauti ya Machano. Ila mashine imezima. Ila hewa nzito kidogo. Ila kifua, Mize, kinanibana. Na moja, lilikuwa jepesi kuliko yote: Ila usihangaike, malizia kazi yako kwanza.

Nililia pale. Niliketi juu ya maneno ya mume wangu nikalia.

Nilikuwa nimeliona kosa, na kosa halikuwa la mtu mmoja. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kwanza jema. Hujambo, sijambo. Habari za nyumbani, nzuri. Ndipo anapovuta pumzi akasema: ila baba tumemzika kabla hatujalala. Jibu la kwanza ni la adabu, ni mlango wa kupitia. Jibu la pili ndilo lenye habari. Kila mtu wa mji wetu anajua kungoja hiyo ila, hata mtoto anayejifunza kusema anajua. Lakini aliyeiandika maktaba hii alikuwa mtu wa kwingine, mtu ambaye akiulizwa anasema kilichopo na kunyamaza. Akaamuru: uliza, chukua neno la kwanza, liweke kibakulini, kata yaliyobaki. Kwao ni sawa kabisa. Na mimi nikaichukua amri hiyo nikaivisha sauti za wapendwa wetu, nikaitundika kwenye kila mlango wa mji. Ni watu wangapi walikuwa wamesema ila zao kwa sakafu?

"Nitairekebisha," nikasema. "Mstari mmoja. Ingoje mpaka mtu amalize."

"Rekebisha," alisema Gaudensia. "Lakini hii inayokwenda sasa imekwisha kumezwa na mashine ilivyo. Rekebisho lako litafanya kazi ukiizima uiwashe upya. Na ukiizima..."

Akamwelekeza Machano kwa kidevu.

Kulikuwa na njia ya kurudi nyuma hatua moja, kuuliza upya bila kuzima. Nikaitumia. Sauti yangu mwenyewe ilitoka ukutani, tamu, haina habari: Hujambo, mume wangu? Tone la jasho likadondoka kutoka kidevuni mwa Machano, midomo ikatikisika. Sijambo. Chap, ikakatwa. Nikarudi nyuma. Hujambo? Sijambo. Kila nilivyomuuliza nilimruhusu kuishi pumzi moja, na kila pumzi ilikuwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Nilimsihi. Sema siwezi, Machano, sema hata uongo, sema chochote kisicho na adabu. Hakunisikia mimi, alimsikia yule Mize wa ukutani, anayeuliza kwa upole, na hakutaka kumtia wasiwasi. Sijambo. Nilifikiri: huyu mtu atakufa kwa sababu ananipenda, na kwa sababu mama yake alimlea vizuri. Nilimchukia kidogo kwa hilo, kisha nikamchukia mama yake, Mungu amrehemu.

Ilibaki njia moja. Programu ikiwa imesimama, unaweza kutia mkono kwenye kibakuli ukabadilisha kilichomo. Unaondoa neno lililosemwa, unaweka jingine. Programu haijui. Inapoamka inaendelea na neno lako kana kwamba ndilo lililotoka kinywani.

"Utamsemea mtu mzima?" aliuliza Gaudensia. Hakuuliza kwa kunilaumu, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Wanaotutawala hufanya hivyo, nilijua. Hutia mkono kwenye kibakuli cha watu wakaondoa tuna njaa wakaweka tunashukuru. Mimi nilikuwa nafanya kinyume chake, lakini mkono ni uleule. Kama naweza kuliondoa sijambo la Machano sasa, kwa mapenzi, nani atanizuia kuliondoa sitaki lake baada ya kuamka, kwa mapenzi hayohayo? Nilifikiri hayo yote, na nilimtazama dirishani, nikaona midomo yake imeanza kuwa ya rangi ya majivu. Falsafa ni ya watu wenye hewa. Nikachota sijambo kwenye kibakuli, nikalitia mfukoni, nikaandika: Siwezi.

"Endelea," nikaiambia programu.

Ikaamka. Nilisikia chuma kikilia mbali sana, huko juu, kwenye nyumba yangu. Kupitia dirishani nilimwona Machano akigeuza kichwa kuelekea mwangani, akatambaa, akashika fremu ya mlango, akainuka. Akatoka! Kofia alikuwa nayo mkononi bado, sindano inaning'inia kwa uzi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na vyumba vikaanza kujibiana: cha mwisho kikakipa jibu kilichokiita, nacho kikakipa kilichotangulia, na kila lilipopita jibu, Mize mmoja alishusha mkono wake, akashusha pumzi, akatoweka pamoja na chumba chake. Nikaanza kukimbia kupanda juu, vyumba vinazimika nyuma yangu, na njia nzima nilikuwa nalisema neno langu lisinipotee. Siwezi. Siwezi. Siwezi. Gaudensia alinifuata mpaka kwenye mlango wa kutokea, pole pole, na ungo wake. Chumba cha mlango huo hakikuzimika.

Ulikuwa mlango wa chuma, hauna kitasa, una kijioo. Niliujua. Niliuandika mimi.

Ng'ambo ya kijioo alisimama Machano. Alikuwa amenitafuta kwenye kiti changu akanikosa, sasa alikuwa ameweka kiganja kwenye ukuta asianguke. Midomo imepasuka. Macho mekundu. Fulana imemganda. Alikuwa ametoka kaburini sasa hivi, na kitu cha kwanza alichokuwa akikitafuta duniani ni mimi.

"Kumbuka," alisema Gaudensia nyuma yangu. "Ukiulizwa, usijibu kama ulivyofunzwa."

"Najua," nikasema. "Najua, najua."

Nilijua. Hapajatokea mtu aliyelijua kosa lile kama mimi. Nililigusa kwa vidole vyangu, nilikalia maiti zake. Neno lilikuwa tayari ulimini, limeshakomaa, nimelibeba vyumba vyote.

Mlango ukaniuliza. Uliniuliza kwa sauti ya Machano, si ile ya kila siku bali hii ya sasa, kavu, iliyokwaruzika, sauti ya mtu aliyekuwa anakufa na hakutaka kusumbua. Ilikatika katikati.

"Mize? Hujambo, mke wangu?"

Nilijua ni mlango. Wallahi nilijua. Lakini alikuwa pale, ng'ambo ya kioo, ananitazama, anayumba. Ungemwambia mtu wa hali ile kwamba huwezi? Ungemtwika hilo, kabla hata ya maji?

"Sijambo, mume wangu," nikasema.

Chap.

Taa ndogo iliwaka upande wake, na nilimwona akisoma. Siwezi kuyaona maandishi kutoka huku, lakini nayajua, ni ya mkono wangu. Chumba cha Mize, salama. Mabega yake yakashuka. Na kwa nini asiuamini mlango? Yeye hakujua kwamba nilitia mkono kwenye kibakuli. Anachojua ni kwamba aliulizwa, akajibu, akasema na ila yake, na safari hii mlango ulimsikia ukafunguka. Hilo nimemfunza mimi. Nilimwona anatabasamu, akakiambia kijioo jambo nisilolisikia, labda pumzika. Akateremka taratibu akaketi, mgongo kwenye mlango wangu, akaitafuta ile sindano, akaupitisha uzi kwenye kitundu cha kofia, akaendelea kudarizi akiningoja nitoke.

Gaudensia alisogea mkekani akaniachia nafasi.

Nikavuta pumzi, kama tulivyolelewa, ili nimwambie lililobaki.

"Ila," nilisema, nikalisikia likianguka sakafuni.